Shule ya Chata Ikipendekezwa Mtaani: Fedha Hutoka Wapi, na Nani Huulizwa?

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu shule mpya huanza kwa utaratibu, kila msemaji akipewa dakika zake chache, na mara nyingi huishia kwa watu kukatizana maneno. Nimekaa katika kumbi za namna hiyo jimboni Massachusetts, Marekani, safu ya nyuma kabisa, nikiwafasiria kwa sauti ya chini wazazi wanaojua Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, na wazazi hao si wachache: wapo Wakenya wa Lowell, na zipo familia za Kikongo zilizopokewa Worcester na West Springfield. Jioni moja, baada ya watetezi kusema kwamba watoto wa mji wamechoka kusubiri shule nzuri, na wapinzani kusema kwamba wilaya, yaani mamlaka inayoendesha shule za kawaida za umma mjini, inaibiwa, mama mmoja wa Uvira alisimama akauliza swali moja tu: "Mwanangu akionewa huko, nitamfuata nani?" Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, kisha akamwita msemaji anayefuata. Kwangu mimi swali lile lilikuwa zito kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, na hofu nyingine zinazotajwa kuhusu shule hizi, ya fedha, ya kuchagua wanafunzi, ya walimu, zikichimbwa kidogo hufika hapo hapo.

Tuanze na jina. Wengi wetu tunalijua neno chata kama alama ya biashara inayopigwa kwenye bidhaa, na nimewahi kuulizwa, bila utani, kama shule za chata ni mali ya kampuni fulani. Chata inayozungumzwa Marekani ni hati. Jimbo hulikabidhi kundi la watu haki ya kuendesha shule ya umma kwa muda maalumu, ambao Massachusetts ni miaka 5, kwa masharti yaliyoandikwa. Muda ukiisha, hati huhuishwa, huwekewa masharti ya ziada au hufutwa. Shule hailipishi karo, inaendeshwa kwa fedha za umma na wanafunzi wake hufanya mitihani ile ile ya jimbo, lakini inajiamulia mambo ambayo shule nyingine huamuliwa na wilaya: urefu wa siku ya masomo, ajira, mtaala na bajeti. Msomaji wa Tanzania anayetaka mfano wa nyumbani aikumbuke hospitali teule ya wilaya, ambayo mara nyingi ni mali ya kanisa na serikali imeingia nayo mkataba ili ihudumie umma. Mkongo atazikumbuka shule za makanisa ambazo serikali huwalipa walimu na kanisa husimamia. Mifano hiyo inasaidia hadi mahali fulani, halafu inapotosha, kwa sababu shule za chata, zikiwa za umma, hazitakiwi kuwa za dini. Oklahoma ilipoidhinisha shule ya chata ya Kikatoliki, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliikataa mwaka 2024, na Mei 2025 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walipogawanyika 4 kwa 4, uamuzi wa Oklahoma ulibaki kama ulivyokuwa.

Historia yake ni fupi, na ina kejeli ndani yake. Wazo lilitokana na Ray Budde, profesa wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mwaka 1988 lilipigiwa debe na Albert Shanker, aliyekuwa rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, ambaye aliona ni njia ya walimu wenyewe kujaribu mbinu mpya ndani ya shule za umma. Baadaye Shanker mwenyewe aliligeuka alipoona linaelekea kwingine, na leo vyama vya walimu ndivyo vinavyoongoza upinzani. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992, na Massachusetts ilifuata kwa sheria yake ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1993. Mwaka 2016 wapiga kura wa Massachusetts waliulizwa kama wanataka kuruhusu hadi shule 12 mpya au za kupanuliwa kila mwaka kupita ukomo uliowekwa na sheria. Pande mbili zilitumia zaidi ya dola milioni 40 katika kampeni, na takriban asilimia 62 ya wapiga kura walikataa. Ukomo ukabaki, lakini nafasi za kuomba chini ya ukomo huo zipo, ndiyo maana mapendekezo bado yanafika mijini na vikao bado vinaitishwa.

Sasa fedha, kwa kuwa hapo ndipo ukumbi huchemka. Anayesema wilaya inaibiwa, na anayejibu kwamba shule ya chata haiwagharimu wenyeji chochote, wote wawili wanaruka hatua. Mtoto anapohamia shule ya chata, jimbo hukokotoa kiasi kinachomhusu, likitazama wilaya anakotoka inatumia kiasi gani kwa mwanafunzi wa aina yake, kisha hukikata kwenye ruzuku ya wilaya kabla ruzuku haijafika. Wilaya haiandiki hundi, inapokea pungufu. Tuchukue hesabu ya kubuni ili jambo lionekane. Tuseme shule mpya imechukua watoto 100 kutoka mji mmoja, na kila mmoja amekadiriwa dola 18,000. Hizo ni dola 1,800,000 kwa mwaka. Kama watoto hao 100 wangetoka wote katika jengo moja, wilaya ingelifunga jengo hilo na hesabu ingelingana. Lakini watoto hawaondoki hivyo. Hawa wametoka katika shule 12 za mji, madarasa tofauti, mmoja hapa, wawili pale. Darasa lililokuwa na watoto 24 sasa lina 23, na mwalimu wake ni yule yule. Basi la shule linapita njia ile ile, na jengo linapashwa joto lile lile mwezi Januari. Fedha zimepungua kwa watoto 100, ilhali gharama iliyoweza kupunguzwa ni ndogo mno.

Watunga sheria waliliona hilo, na ndiyo sababu ya kuwepo fidia. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019, ongezeko la fedha zinazokatwa hurudishwa kwa wilaya kwa asilimia 100 katika mwaka wa kwanza, 60 katika wa pili na 40 katika wa tatu. Kwa mfano wetu, iwapo idadi ya watoto haitaongezeka, mwaka wa kwanza pengo halipo. Mwaka wa pili wilaya inakosa dola 720,000. Mwaka wa tatu dola 1,080,000. Na mwaka wa nne inabeba dola 1,800,000 zote. Falsafa yake ni kwamba miaka 3 inatosha wilaya kujipanga upya, kuunganisha madarasa na kuacha kujaza nafasi za wanaostaafu. Kwa mji ambao wanafunzi wake wanaongezeka, hilo linawezekana, kwa sababu watoto wapya huziba nafasi za walioondoka. Kwa mji unaopoteza watu ni kibarua kigumu, na maana yake halisi ni kufunga shule fulani, ambayo mara nyingi huwa ile ya mtaa usio na watu wa kupiga kelele. Pia fidia hutegemea bajeti inayopitishwa na bunge la jimbo, na kabla ya sheria hiyo ya 2019 ilipita miaka kadhaa ambapo wilaya zilipata pungufu ya zilichoahidiwa. Anayeitilia shaka ahadi hiyo kwa hiyo hana wivu; ana kumbukumbu.

Kuna breki nyingine, isiyotajwa sana kwenye vikao. Fedha zinazokwenda shule za chata haziwezi kupita asilimia 9 ya matumizi ya elimu ya wilaya, au asilimia 18 kwa wilaya zilizo katika asilimia 10 ya chini kabisa kwa matokeo ya wanafunzi. Mtu anayeogopa kwamba shule za wilaya zitamalizwa zote anapaswa kuulizia kwanza mji wake umefikia asilimia ngapi, kwani kama umekaribia ukomo, shule inayopendekezwa huenda isiweze hata kupewa nafasi zote inazoziomba.

Hofu ya pili ni kwamba shule ya chata huchagua watoto. Kwa maandishi, haiwezi. Waombaji wakizidi nafasi, huchezeshwa bahati nasibu hadharani, na wanaopewa kipaumbele ni ndugu wa wanafunzi waliomo na wakazi wa mji au eneo la shule. Ni marufuku kumpa mtoto mtihani au usaili kabla ya kumpokea, na ni marufuku kumlazimisha mzazi ahudhurie mkutano wa maelezo kama sharti la kuomba. Hali ya uhamiaji haina nafasi hapa: tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Plyler mwaka 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hana karatasi, na shule ya chata ni ya umma. Mtoto mwenye ulemavu ana haki zile zile za elimu maalumu, na anayejifunza Kiingereza vivyo hivyo.

Lakini bahati nasibu huwachezesha wale tu walioomba. Mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, ambaye tangazo lilimfikia kwa Kiingereza wiki moja baada ya tarehe ya mwisho, hakubaguliwa na mtu yeyote, na mtoto wake hayumo kwenye orodha. Uchujaji unafanyika hapo, kimya kimya, kabla karatasi ya kwanza haijachotwa. Ndiyo maana sheria ya Massachusetts ya mwaka 2010 ilizitaka shule hizi ziwe na mpango wa maandishi wa kuwafikia na kuwabakiza wanafunzi wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza na wanaotoka familia zenye kipato kidogo. Mpango huo ni waraka wa umma. Katika ombi lolote la shule mpya, mimi hufungua ukurasa huo kabla ya kurasa nyingine zote, na hutafuta mambo ya kawaida kabisa: fomu itatafsiriwa kwa lugha zipi, nani ataipeleka makanisani na misikitini, simu itapokelewa na nani. Ombi linalosema litawafikia wahamiaji bila kutaja hata lugha moja limeshajieleza.

Uchujaji wa upande wa kutokea nao upo. Mtoto anaweza kuondoka kwa sababu familia imehama, au kwa sababu amesimamishwa mara nyingi hadi mzazi amechoka. Swali la kufaa ni nani anachukua kiti chake. Massachusetts huzitaka shule zijaze viti vinavyoachwa wazi hadi Februari 15 ya mwaka wa masomo, ila zimeachiwa uhuru katika nusu ya juu ya madarasa yao. Shule isiyopokea watoto wapya katika madarasa ya juu itabaki na wale waliovumilia tangu mwanzo, na matokeo yake ya mwisho yatapendeza zaidi ya yale ya shule ya wilaya inayopokea mgeni kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwezi Machi. Anayelinganisha namba za shule mbili bila kujua hilo anapima kwa mizani iliyoinama.

Kuhusu ubora, tafiti zipo na zinasema mambo mahususi kuliko yanayosemwa vikaoni. Kituo cha utafiti cha CREDO, cha Chuo Kikuu cha Stanford, kilipotazama majimbo kadhaa mwaka 2009, kilikuta asilimia 17 ya shule za chata zikizishinda shule za kawaida katika hisabati na asilimia 37 zikifanya vibaya zaidi, nyingine zikiwa sawa. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilikuta hali imebadilika: kwa wastani wanafunzi wa chata walikuwa mbele kwa kiasi cha siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hisabati, huku wale wa shule za chata za mtandaoni wakiwa nyuma sana, kwa siku 58 na siku 124. Massachusetts ina ushahidi wa aina yake, kwa kuwa bahati nasibu humpa mtafiti makundi mawili ya watoto wanaofanana, walioshinda na walioshindwa. Wanauchumi Joshua Angrist, Parag Pathak na wenzao walilitumia jambo hilo wakakuta faida kubwa katika shule za Boston na miji mingine mikubwa, ilhali shule za chata zilizo nje ya miji hiyo hazikuonyesha faida ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akisema shule za chata zinafaa au hazifai, muulize ipi, na iko wapi. Wastani wa nchi nzima haukwambii lolote kuhusu shule ambayo bado ni karatasi.

Mambo mengine yanaweza kusemwa kwa haraka. Usafiri: mtoto anayesoma shule ya chata iliyo katika wilaya anayoishi husafirishwa na wilaya kwa masharti yale yale ya wenzake. Walimu: si lazima wawe na leseni siku wanayoajiriwa, ila wasio nayo hutakiwa kufaulu mitihani ya ualimu ya jimbo ndani ya mwaka wa kwanza, wanaweza kuunda chama, ingawa wengi hawana. Nani anaweza kuomba: taasisi isiyo ya faida, walimu wawili au zaidi wenye leseni, au wazazi 10 au zaidi. Ndiyo, wazazi 10. Nikilisema hilo mbele ya kundi la akina mama, huwa wanatazamana kwanza, kisha wanacheka.

Limebaki lile la Mama wa Uvira. Katika shule ya wilaya, njia ya malalamiko inajulikana hata kwa asiyejua Kiingereza: mwalimu, mkuu wa shule, ofisi ya msimamizi wa elimu wa wilaya, kisha kamati ya shule, ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na unaweza kukutana nao dukani. Shule ya chata ya aina ya kawaida haimo katika ngazi hizo. Kamati ya shule haiiongozi, haiwezi kumwondoa mkuu wake wala kubadili kanuni zake za nidhamu, na hata kuanzishwa kwake hakutegemei kura ya kamati. Huamuliwa na Bodi ya Elimu ya Msingi na Sekondari ya jimbo, ambayo wajumbe wake walio wengi huteuliwa na gavana, baada ya kikao cha maoni na baada ya kamati ya mji kupewa nafasi ya kutoa maoni yake. Nafasi hiyo ya kutoa maoni watu wengi huidhania kuwa ni turufu. Majimbo mengine yana taratibu zao: California huipa wilaya kauli ya kwanza, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 wilaya inaruhusiwa kuzingatia athari za kifedha kabla ya kukubali au kukataa.

Anayeiongoza shule ya chata ni bodi ya wadhamini, watu ambao hawakuchaguliwa na mji. Vikao vyao ni vya wazi kwa mujibu wa sheria ya jimbo, kumbukumbu zao ni za umma, na wakitaka wanaweza kuingia mkataba na shirika la nje liwaendeshee shule. Mkataba wa namna hiyo unahitaji macho, hasa pale ambapo waanzilishi wa shirika na wa bodi ni marafiki wa siku nyingi, kwa sababu bodi isiyoweza kumfukuza mkandarasi wake haiongozi kitu. Ohio ilionja matokeo ya usimamizi legevu. Shule ya mtandaoni ya Electronic Classroom of Tomorrow, iliyokuwa na wanafunzi wapatao 12,000, ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, baada ya jimbo kuidai mamilioni ya dola za watoto ambao haikuweza kuthibitisha kwamba walisoma. Wazazi walipewa siku chache kutafuta shule nyingine, na sehemu ya mzigo huo iliziangukia wilaya. Massachusetts ina udhibiti mkali zaidi, na hati hufutwa kweli pale shule inaposhindwa, lakini hati ikifutwa watoto wengi hurudi wilayani, iwe wilaya imejipanga au haijajipanga.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye kikao cha maoni aende amesoma ombi lenyewe, ambalo ni waraka wa umma, na asiishie kwenye karatasi ya matangazo iliyogawiwa mlangoni. Aulize wadhamini ni akina nani na wangapi kati yao wanaishi mjini humo, vikao vyao vitafanyika saa ngapi na kama kutakuwa na mkalimani. Maoni ya maandishi yanapokelewa pia, na barua ya ukurasa mmoja yenye swali mahususi huingia kwenye kumbukumbu ambazo wajumbe wa jimbo hupelekewa kabla ya kupiga kura, kwa kawaida mwezi Februari.

Jibu la swali la yule mama lilikuwepo, nalo ningempa mwenyewe kama asingekwisha kutoka kuwahi basi. Utaandika malalamiko kwa bodi ya wadhamini ya shule, kwa lugha yoyote unayoiweza. Bodi ina siku 45 za kukujibu kwa maandishi. Usiporidhika, au zikipita bila jibu, unayapeleka kwa kamishna wa elimu wa jimbo, ambaye ofisi yake iko mwendo wa saa nzima au zaidi kutoka mtaa wako, na ambaye hutampigia kura wala hutakutana naye dukani.